Spika za Honi na Amplifaya Zake Chumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaovutiwa na spika za honi huanza kwa kutafuta amplifaya, maana huko ndiko kuna picha nzuri za valvu zinazowaka na mabishano yasiyoisha. Majibu haya yanafuata mpangilio mwingine: chumba kwanza, honi pili, amplifaya mwisho. Na kwenye amplifaya, swali la wati ngapi litakuja nyuma ya swali la utulivu, yaani amplifaya inanyamaza kiasi gani wakati hakuna muziki.

Honi inafanya kazi gani hasa?

Hewa ni nyepesi mno kwa diaframu ya spika. Koni ya kawaida inaposukuma hewa moja kwa moja, karibu umeme wote unaishia kuwa joto kwenye koili, waya uliozungushwa unaoisukuma diaframu. Spika yenye dB 92 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja kwa umbali wa mita moja inageuza takriban asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti, na spika nyingi za sebuleni hazifiki hata hapo. Honi inaanza na koo jembamba, ambako hewa imebanwa na inampa diaframu kitu cha kusukuma, kisha inapanuka polepole mpaka mdomo mpana unaoikabidhi sauti kwa chumba. Ndicho unachofanya unapoweka viganja mdomoni kumwita mtu aliye ng'ambo ya uwanja.

Faida yake haiishii kwenye sauti kubwa. Kwa kiwango kile kile cha sauti, diaframu iliyo nyuma ya honi inatembea kidogo sana, na mwendo mdogo maana yake upotoshaji mdogo. Koili haichemki, kwa hiyo pigo la ghafla la ngoma au la tarumbeta linatoka na ukubwa wake wote. Hicho ndicho kinachowafanya watu wazivumilie spika zenye ukubwa wa kabati.

Historia nayo inaeleza. Miaka ya 1920, Western Electric ilipokuwa ikiweka sauti kwenye majumba ya sinema ya Marekani, amplifaya zilikuwa za wati chache na kumbi zilijaa mamia ya watu. Uhaba wa wati ndio uliozipa honi nafasi. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wakachapisha muundo wa spika ya koni isiyohitaji honi, ndogo na rahisi kutengeneza. Wati ziliposhuka bei, koni ikatawala majumbani, honi ikabaki kwenye sinema, majukwaani, na kwa wachache waliokataa kuiacha.

Nimesikia kwamba honi zina sauti ya puani. Ni kweli?

Zipo zenye sauti hiyo, tena ukishaisikia hutaisahau: mwimbaji anakuwa kama ana mafua, na tarumbeta inachoma. Lakini ugonjwa huu una sababu zinazojulikana.

Kubwa ni honi kulazimishwa kufanya kazi chini ya uwezo wake. Kila honi ina masafa ambayo chini yake haisaidii tena diaframu, na karibu na mpaka huo mwitikio wake unapandashuka. Mtengenezaji anayetaka kubana matumizi anashusha krosova, saketi inayogawa masafa kati ya spika ya besi na honi, mpaka pale pale mpakani, na wewe unalipia kwa masikio. Sababu nyingine ni mdomo unaokatika ghafla. Wimbi likifika ukingoni na kukuta kona kali, sehemu yake inarudi kooni na kutoka tena ikiwa imechelewa kidogo. Ndiyo maana honi nyingi za kisasa zina ukingo uliokunjwa nyuma kwa mviringo, jambo ambalo Mfaransa Jean-Michel Le Cléac'h alilipa uzito mkubwa katika honi zake. Kuna pia honi zenye mpasuko mwembamba ndani, uliowekwa ili kuitawanya sauti kwa upana. Zinatawanya kweli, ila mpasuko wenyewe unaongeza harufu yake kwenye sauti. Na mwisho kuna bati la honi lenyewe, linaloweza kulia kama kengele. Ligonge kwa kifundo cha kidole. Likijibu "ting" na kuendelea, linahitaji kupakwa kitu kizito kwa nje.

Kipimo changu cha kwanza dukani au kwa muuzaji ni rekodi ya mtu anayezungumza, kwa kiwango cha mazungumzo ya kawaida. Muziki unaficha mengi. Mtu akizungumza na ukamsikia kama yuko ndani ya bomba, usikubali kuambiwa kwamba amplifaya nyingine itarekebisha.

Maumbo ni mengi: eksponenshali, traktriksi, zile za mraba. Nichague lipi?

Kwa mnunuzi wa kawaida umbo si la kuanzia. Kwa kifupi: hesabu ya msingi ya honi ilichapishwa na A. G. Webster mwaka 1919, na umbo la eksponenshali, linalopanuka kwa uwiano ule ule kila hatua, likatawala kwa miongo. Traktriksi inahusishwa na Paul Voigt wa Uingereza. Zote mbili zina tabia ya kubana miale kadiri masafa yanavyopanda, kwa hiyo aliyekaa katikati anapata kila kitu na aliyekaa pembeni anakosa sauti za juu. Mwaka 1975 D. B. Keele alionyesha honi zinazotunza upana ule ule kwenye masafa mapana. Hizo zinamfaa mwenye kusikiliza na wenzake, lakini zinahitaji kuongezewa sauti za juu kwenye krosova, kwa sababu nguvu ambayo honi ya zamani iliirundika katikati sasa imesambazwa. Ukisikiliza peke yako kwenye kiti kimoja, traktriksi au honi za mviringo kama za Avantgarde Acoustic ya Ujerumani zina raha yake.

dB 104 inanisaidia nini? Nahitaji wati ngapi?

Hapa penseli inasaidia kuliko maoni. Chukulia unakaa mita 3 kutoka kwenye spika. Kwenye uwanja wa wazi ungepoteza karibu dB 9.5 ukilinganisha na mita moja, lakini chumba kinarudisha sehemu ya sauti hiyo, kwa hiyo tuseme dB 6. Spika mbili zinaongeza dB 3. Spika ya dB 87, ikipewa wati moja kila upande, inakufikia kwa takriban dB 84. Ya dB 104 inakufikia kwa dB 101.

Sasa muziki. Kusikiliza kwa sauti ya kutosha nyumbani ni wastani wa dB 80 hivi, na rekodi nzuri ya ala halisi inaweza kuwa na vilele vinavyopanda dB 20 juu ya wastani. Lengo letu basi ni dB 100. Spika ya dB 87 inahitaji wati 40 kwa kilele hicho, ya dB 95 inahitaji wati 6 na kidogo, na ya dB 104 inahitaji chini ya wati moja. Kanuni iliyo nyuma yake ni kwamba kila dB 3 ni wati mara mbili, na kila dB 10 ni wati mara kumi.

Rudi kwenye wastani. Kwa dB 80 kitini, spika ya dB 104 inakula wati 0.008. Yaani karibu jioni yako yote ya muziki inapita ndani ya sehemu ndogo sana ya wati ya kwanza. Amplifaya iliyosifiwa kwa usafi wake kwenye wati 100 haijakwambia lolote kuhusu wati 0.008, na huko ndiko utakakoishi.

Je, wati nyingi zina madhara? Hapana, zenyewe hazina. Ninachopinga ni kuzilipia wakati fedha hiyo ingenunua utulivu.

Nimewasha amplifaya, sijaweka muziki, na honi zinatoa "shiii". Spika ni mbovu?

Spika ni nzima. Zinakuonyesha kitu ambacho spika za zamani zilikuwa zinakuficha. Hili ndilo lalamiko namba moja la wanaohama, na ndilo linalostahili muda mrefu.

Chukua amplifaya inayovujisha kelele ya milivolti 1 kwenye matokeo yake, kiwango ambacho hakuna mtu angelalamikia kwenye spika za kawaida. Kwenye omu 8 hiyo ni wati 0.000000125, dB 69 chini ya wati moja. Spika ya dB 87 inaigeuza kuwa dB 18 kwa mita moja; chumba tulivu usiku kina kelele yake zaidi ya hapo, kwa hiyo husikii kitu. Spika ya dB 104 inaigeuza kuwa dB 35. Utaisikia ukiwa umekaa, na nyimbo zitakapopungua sauti utaisikia zaidi. Ukitaka amani na honi, tafuta amplifaya yenye kelele isiyozidi milivolti 0.1. Ikiwa karatasi ya vipimo inataja uwiano wa mawimbi na kelele dhidi ya nguvu kamili tu, namba hiyo inapendeza lakini haikusaidii mpaka uirudishe kwenye volti.

Kabla ya kubadilisha chochote, jua kelele inatoka wapi. Zima amplifaya, chomoa nyaya zote za kuingizia, funga matundu yake kwa plagi ambazo ncha ya katikati imeunganishwa na ganda la nje, kisha iwashe. Shiii ikibaki vile vile, ni ya amplifaya. Ikitoweka, inatoka mbele zaidi: kwenye pri-amplifaya (kifaa cha kudhibiti sauti kabla ya amplifaya), kwenye DAC (kifaa cha kugeuza muziki wa dijitali kuwa umeme wa sauti), au kwenye kompyuta. Kama ni mvumo mzito wa umeme badala ya shiii, na unakuja tu unapounganisha kifaa cha pili, mara nyingi ni mzunguko wa ardhi, yaani umeme unaozunguka kati ya vifaa kupitia nyaya zao za ardhi. Vifaa vyote viwe kwenye soketi moja kabla hujanunua kichujio cha aina yoyote. Usikate waya wa ardhi wa kifaa ili kuondoa mvumo. Hilo limeua watu.

Halafu kuna geini, yaani amplifaya inazidisha mara ngapi kinachoingia. Amplifaya ya kawaida inazidisha mara 20, yaani dB 26. DAC inatoa volti 2. Zidisha: volti 40, au wati 200 kwenye omu 8. Wewe unahitaji wati 0.008. Ndiyo sababu kitufe cha sauti hakitoki mwanzoni mwa mzunguko wake, na ukikigusa kidogo nyumba inatetemeka. Kile ulichopunguza kwenye kitufe cha DAC kimepunguza muziki, lakini kelele ya matokeo yake inaendelea kuzidishwa mara 20. Tiba ni kipunguzaji cha dB 10 hadi 20 kilichowekwa kwenye mlango wa amplifaya, baada ya vifaa vingine vyote, au amplifaya inayokuruhusu kushusha geini yake. Pri-amplifaya yenye kuongeza nguvu zaidi ni kitu cha mwisho ambacho mfumo huu unahitaji.

Valvu au transista?

Wapenzi wa honi wengi watakujibu valvu kabla hujamaliza kuuliza, na wana sababu. Valvu za trayodi zinazofanya kazi moja moja hutoa wati chache: valvu iitwayo 45 inatoa karibu wati 2, 2A3 inatoa 3.5, na 300B ya Western Electric, iliyotoka mwaka 1938, inatoa 8 hivi. Kwa spika za kawaida hizo ni pambo. Kwa honi za dB 100 na kuendelea zinatosha, na aina hii ya saketi ni rahisi na ina tabia ya kuharibika polepole inapozidiwa, bila kukatika kwa ukali.

Lakini trayodi hizo ndizo zenye matatizo mawili ambayo honi inayaanika. Moja ni mvumo. Nyuzi za 2A3 na 300B ndizo zenyewe zinazotoa elektroni, zikipashwa kwa umeme wa AC mvumo wake unaingia moja kwa moja kwenye sauti, na kirekebisha mvumo kilichopo kwenye amplifaya kinaupunguza bila kuumaliza. Ukiwa na honi za dB 104, uliza kama nyuzi zinalishwa DC. Tatizo la pili ni impidansi ya matokeo, yaani upinzani wa amplifaya yenyewe kwa umeme inaoutoa kwa spika, na lina swali lake hapa chini.

Amplifaya za EL84 kwa jozi hutoa wati 12 hadi 15, na za EL34 kwa jozi wati 35 hivi. Kwa mtu mwenye honi za dB 96 hadi 100 na chumba cha wastani, naona EL84 kwa jozi ndiyo valvu yenye akili: bei ya balbu ni ya kibinadamu, na mvumo ni mdogo.

Transista za daraja A zenye wati kidogo ni njia nyingine, na Nelson Pass alianzisha First Watt mahsusi kwa amplifaya ndogo za namna hiyo. Zinatulia, hazina transfoma ya matokeo (ile inayounganisha valvu na spika), ila zinakula umeme na kutoa joto saa zote, muziki uwepo usiwepo. Za daraja D, zinazowasha na kuzima transista zake kwa kasi, ziliwahi kuwa na sifa mbaya. Leo zipo zenye kelele chini ya milivolti 0.1, na mtu akiziweka nyuma ya pazia wengi wasingezitambua. Angalia namba, usiangalie daraja.

Onyo moja kwa anayenunua valvu mara ya kwanza: ndani mna volti 300 hadi 450 za DC, na zaidi ya hapo kwa balbu kubwa, na kapasita zinazishikilia hata baada ya kuchomoa. Usiifungue kwa udadisi. Wala usiipigishe muziki bila spika kuunganishwa, maana transfoma ya matokeo inaweza kuungua.

Impidansi ya spika zangu inapandashuka. Ina shida?

Inategemea amplifaya. Tuseme spika inashuka mpaka omu 4 na kupanda mpaka 30, jambo la kawaida kwenye honi za njia mbili au tatu. Amplifaya ya trayodi isiyo na mrejesho, yaani isiyorudisha sehemu ya matokeo yake ili kujisahihisha, ina impidansi ya matokeo ya omu 3, kwa mfano. Kwenye masafa ya omu 30 spika inapata asilimia 91 ya volti, kwenye omu 4 inapata asilimia 57. Tofauti ni dB 4, na hiyo inasikika waziwazi: sehemu fulani za muziki zimeinuliwa, na mwenyewe utadhani ni "uhai wa valvu". Transista yenye omu 0.1 kwenye spika hiyo hiyo inakupa tofauti ya dB 0.2.

Kuna wanaoipenda tofauti hiyo. Sawa, ila jua kwamba umenunua ikwalaiza isiyo na vitufe. Ikiwa unataka trayodi, tafuta honi ambayo impidansi yake iko tambarare au mtengenezaji ameisawazisha kwenye krosova, na jaribu matundu yote ya transfoma, omu 4, 8 na 16. Lenye tofauti ndogo mara nyingi si lile linalolingana na kibandiko cha spika.

Chumba changu ni mita 4 kwa 5. Kinatosha?

Kinatosha kwa baadhi. Kinachobana ni umbali zaidi ya ujazo. Spika yenye honi tatu zilizopangwa juu ya nyingine inahitaji nafasi ili sauti zake ziungane. Ukikaa mita 2 utasikia besi magotini na sauti ya mwimbaji kichwani. Kwa njia mbili, wufa (spika ya besi) ya inchi 15 na honi moja juu yake, mita 3 zinatosha. Chini ya hapo tafuta spika ambazo draiva ya juu (kipande kinachotoa sauti za juu) imewekwa katikati ya wufa, kama 604 ya Altec au Dual Concentric za Tannoy zilizoanza mwaka 1947. Hizo zinaungana hata ukiwa karibu.

Kuna jambo ambalo chumba kidogo kinafaidika nalo. Honi inaelekeza sauti yake, kwa hiyo kuta za pembeni zinapata kidogo na zinarudisha kidogo. Mwenye chumba chenye vioo na sakafu tupu ataona nafuu ambayo spika ya kutawanya kila upande isingempa.

Na besi? Honi ya besi au kasha la kawaida?

Ili honi ifanye kazi peke yake hewani, mzingo wa mdomo wake uwe angalau sawa na urefu wa wimbi la chini kabisa unalotaka. Kwa Hz 500 wimbi ni sentimita 69, kwa hiyo mdomo wenye kipenyo cha sentimita 22 unatosha. Kwa Hz 300 unafika sentimita 37. Kwa Hz 50 wimbi ni karibu mita 7, na mdomo ni mita 2.2. Hakuna mlango unaopitisha kitu hicho.

Paul Klipsch alilitatua kwa kutumia kona ya chumba. Kuta mbili na sakafu zinaifanya honi ihitaji sehemu moja ya nane tu ya eneo la mdomo, na kuta zenyewe zinakuwa mwendelezo wa honi. Klipschorn yake, iliyotoka miaka ya 1940, inadai dB 105 na inatengenezwa mpaka leo. Masharti ni kona mbili safi kwenye ukuta mmoja, zisizo na mlango wala dirisha karibu, na kuta ngumu. Ukuta wa mbao nyembamba unaimeza besi.

Asiye na kona hizo afanye kile ambacho wengi wetu tumekifanya: wufa kubwa ndani ya kasha la kawaida lenye tundu, dB 95 hadi 98, na honi kuanzia Hz 500 hadi 1,000 kwenda juu. Chini ya Hz 60 ongeza sabufa, ikiwezekana mbili, kwa sababu huko chini chumba ndicho kinachoongoza. Urefu wa mita 5 una mlio wake kwenye Hz 34, upana wa mita 4 kwenye Hz 43, na hakuna honi itakayobadilisha hilo. Kuhamisha sabufa nusu mita kunaweza kufanya kazi kuliko kubadilisha amplifaya.

Honi za nyuma, zinazobeba sauti ya mgongo wa draiva, zenye draiva moja ya masafa yote, zile zinazopendwa na wajenzi wa nyumbani, zina sauti ya kati ya kuvutia na besi yenye matuta. Kwa muziki wa sauti na gitaa ni tamu. Kwa okestra kamili, sizipendekezi.

Krosova pasivu au aktivu yenye DSP?

Honi zinaifaidi DSP (kichakata sauti cha dijitali) kuliko spika nyingine yoyote, na sababu yake ni muda. Honi ya besi iliyokunjwa ndani ya kasha inaweza kuwa na njia ya mita 2.5. Sauti yake inafika milisekunde 7 nyuma ya ile ya draiva ya juu. DSP inaichelewesha ya juu mpaka zilingane. Koili na kapasita haziwezi.

Lakini kuna mtego. Kwenye krosova pasivu, draiva ya mgandamizo (ile inayosukuma hewa kwenye koo la honi) yenye dB 108 inapunguzwa kwa vipingamizi mpaka ilingane na wufa ya dB 97, na upunguzaji huo wa dB 11 unakandamiza pia shiii ya amplifaya. Ukienda aktivu na kuiunganisha draiva moja kwa moja na amplifaya, dB 11 zote za shiii zinarudi. Kwa hiyo acha vipingamizi hapo hata kwenye mfumo aktivu.

Weka pia kapasita mfululizo na draiva ya juu. Amplifaya ikipiga "dup" inapowashwa, au ikiharibika na kutoa DC, diaframu nyembamba ya titani haina muda wa kukusubiri. Kwa draiva ya omu 8 inayoanza Hz 1,200, mikrofaradi 33 zinakata kwenye Hz 600 hivi, mbali ya kutosha kutoharibu krosova yako. Mabadiliko madogo ya awamu yanayobaki DSP inayasawazisha.

Naweza kutumia spika za jukwaani? Na zile tarumbeta za matangazo?

Za jukwaani, ndiyo, na mara nyingi ni biashara nzuri: draiva za mgandamizo ni za familia ile ile. Angalia feni za amplifaya zilizomo ndani. Za kujitegemea zenye feni na shiii yake hazifai chumba tulivu. Tarumbeta za matangazo, hapana. Zimetengenezwa kwa ajili ya maneno, hazina besi wala sauti za juu, na nyingi zina transfoma ya laini ya volti 100.

Nizielekeze vipi?

Anza kwa kuzigeuza ndani mpaka mistari yao ikutane mbele ya kiti chako, kama nusu mita. Mtu aliyekaa kushoto anakuwa mbali na mhimili wa spika ya kushoto na ndani zaidi ya mhimili wa ile ya kulia. Ya mbali inamfikia kwa nguvu zaidi, na mwimbaji anabaki karibu na katikati. Kwa honi zinazotunza upana mbinu hii inafanya kazi vizuri sana. Kwa zile za kubana miale, elekeza kitini na ukubali kwamba kiti ni kimoja. Kimo cha honi ya kati kiwe cha masikio. Kama haiwezekani, inamishe.

Nyaya?

Shaba nene ya kawaida, milimita za mraba 2.5. Endelea na maisha.

Kwa kuwa hazipotoshi, ni salama kwa masikio?

Ni kinyume. Upotoshaji ndio unaotuambia sauti imezidi, na honi haiutoi. Watu hukaa kwenye dB 90 wakidhani ni 80. Shirika la Afya Duniani linashauri dB 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila dB 3 juu ya hapo inakata muda huo nusu. Programu ya kupima sauti kwenye simu haina usahihi wa maabara, lakini inatosha kukushtua.

Nimepata honi za zamani zilizotumika. Niangalie nini?

Beba multimita. Draiva ya omu 8 inasoma omu 5 hadi 6.5 za DC, ya omu 16 inasoma 9 hadi 12, na za sinema za zamani mara nyingi ni 16. Kushoto na kulia zikitofautiana kwa zaidi ya nusu omu, pengine diaframu moja imebadilishwa. Uliza, na uliza kama ni ya kiwanda au ya kuiga. Wufa zenye ukingo wa sponji zitakuwa zimeoza au ziko njiani, ilhali za kitambaa hudumu miongo. Sumaku za alniko zinapoteza nguvu zikigongwa au zikichomwa na umeme mwingi, na dalili yake ni upande mmoja kuwa chini kidogo kwa sauti ile ile. Kapasita za krosova za miaka 40 zihesabu kama gharama ya kubadilisha, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni za asili, tena hasa akiapa.

Kisha piga toni inayopanda polepole kutoka Hz 800, kwa sauti ndogo, draiva moja moja, sikio likiwa kando ya mdomo wa honi. Toni iwe laini muda wote. Ukisikia mkwaruzo kama karatasi mahali fulani, irudie mahali hapo hapo. Mkwaruzo ukirudi, koili inagusa sumaku, na bei aliyoitaja ipunguze kwa gharama ya diaframu mbili, kwa sababu hubadilishwa kwa jozi.